Safu ya Aliyebadilisha

Mzee aliyekuwa wa nne kwenye foleni hakungoja zamu yake. Alipita pembeni mwa wenzake, akabandika simu kwenye kioo cha dirisha la kwanza na kusoma jina la karani aliyeketi ndani, kwa sauti ya kusikika hadi getini.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mzee wangu. Karibu. Kuna shida gani?"

"Shida unaniuliza mimi? Soma mwenyewe. Binti yangu tarehe tano aliandikwa 'amepata'. Tarehe kumi na moja akaandikwa 'anasubiri'. Na hapa mwisho pana jina la aliyebadilisha. Soma hapo mwisho, mama, macho si unayo?"

Karani alisogeza uso karibu na kioo. Safu zilikuwa nne, zimepangwa vizuri, rangi ya kijivu na nyeupe: Tarehe, Kilichokuwepo, Kilichowekwa, Aliyebadilisha. Kwenye safu ya mwisho palikuwa na jina lake, halina kosa hata la herufi.

"Mwanangu amekukosea nini?" mzee akauliza. Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Alikusalimia vibaya? Kuna kitu ulikitaka tukakunyima? Ungesema, mama. Tungejikuna tunapofika."

Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imetoa simu. Kabla ya adhuhuri wazazi wengine wawili walikuwa wamepata jina lilelile kwenye safu ileile, siku ileile. Mmoja alitema mate kwenye kizingiti cha dirisha. Karani akachukua kitambaa chake cha mkononi, akapangusa, akasema, "Anayefuata."

*

Ukurasa ule wa mtandaoni ulikuwa na umri wa siku nane, na aliyeutengeneza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Chuo chenyewe kilikuwa cha ufundi: useremala, umeme, mabomba, kompyuta. Nafasi zilizolipiwa na serikali zilikuwa arobaini kwa mwaka, na waombaji walizidi elfu. Kila mwombaji alikuwa na rekodi yake kwenye mfumo, na mfumo, tangu ulipowekwa miaka kumi na moja nyuma, ulikuwa ukiandika kimyakimya kila kitu kilichobadilishwa ndani yake: kilikuwa nini, kimekuwa nini, saa ngapi, kwa jina la nani. Fundi wa kwanza aliyeujenga aliweka jedwali hilo la siri kisha akaondoka. Hakuna aliyejua lipo. Mdogo wake karani, aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka kutunza mfumo, ndiye aliyelikuta. Akatengeneza ukurasa wa kulionyesha, mtu yeyote aingize namba yake ya maombi aone historia ya rekodi yake.

"Dada, wezi wamekwisha," alisema siku ile alipoufungua kwa umma. "Kila badiliko lina mwenyewe."

Mkuu wa udahili aliidhinisha haraka mno. Alisaini huku amesimama, hata hakuomba kuonyeshwa. Ilikuwa inafaa mtu ajiulize kwa nini.

Mwenye akili angepata jibu kwa kukaa asubuhi moja katika ofisi ile. Makarani walikuwa watatu, kompyuta mbili, na neno la siri lililofanya kazi lilikuwa moja tu. Maombi ya kufunguliwa majina mengine ya kuingilia mfumo yalikuwa yamekaa kwenye trei ya Mkuu miaka minne. "Tufanye kazi kwanza," ndiyo ilikuwa hotuba yake. Kwa hiyo aliyefika wa kwanza, na aliyefika wa kwanza miaka yote alikuwa huyu mama wa dirisha la kwanza, aliufungua mfumo kwa jina lake kwenye kompyuta zote mbili, ukabaki wazi hadi jioni. Makarani wenzake waliingia humo. Wanafunzi wa mafunzo waliingia humo. Na Mkuu mwenyewe, mara mbili tatu kwa wiki, alikuja akiwa na karatasi imekunjwa mfukoni, akasema, "Nipishe hapo kidogo, dada, nirekebishe kitu." Naye aliinuka na kwenda kumwandalia chai. Miaka kumi na moja aliandaa chai, na kila chai ilipochemka jina lake liliandika jambo.

*

"Niambie tena," shemeji mtu, mume wa karani, alisema nyumbani jioni ile. Alikuwa mshonaji, na jicho lake la kushoto bado lilikuwa na bandeji ya hospitali. "Wewe umejenga kioo, ukamwita dada yako awe wa kwanza kujitazama, sivyo?"

"Shemeji, sikujua wote wanatumia jina lake."

"Unafanya kazi jengo moja naye! Unakula sufuria moja naye!"

"Muache," dada akasema. Alikuwa anapiga pasi shati la kazini, ingawa barua ya kumsimamisha ilikuwa mezani na isingemruhusu kulivaa. "Nami sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba tunachangia jina kama tunavyochangia beseni?"

"Tarehe kumi na moja," mdogo mtu alisema ghafla. Akavuta simu yake, akafungua kalenda. "Dada, tarehe kumi na moja si ndiyo siku ya jicho?"

Wote wakamtazama mshonaji. Mshonaji akagusa bandeji.

"Ndiyo siku ya jicho," akasema. "Tuliingia hospitali saa moja asubuhi, tukatoka saa tisa. Kadi ninayo, ina muhuri."

"Na badiliko la huyo binti lilifanywa saa nne na dakika kumi na mbili. La pili na kumi na tano. La tatu na kumi na tisa. Yote matatu ulikuwa hospitali!"

Dada aliweka pasi chini. "Mkuu alinipigia siku ile. Nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Akasema ofisi haiwezi kufungwa kwa sababu ya jicho moja. Nikamtumia paswedi kwa ujumbe."

"Ujumbe uko wapi?"

"Nilifuta. Si uliniambia mwenyewe, paswedi haikai kwenye simu?"

Mshonaji alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Lakini chakula kilipowekwa wote walikula vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Kadi ilikuwepo, saa ilikuwepo. Miaka kumi na tisa ya kazi na kiinua mgongo chake haikuwa inakwenda popote.

*

Kamati ya nidhamu iliongozwa na mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyejulikana kwa kutochukua hata soda ya mtu. Alipoonyeshwa kadi ya hospitali aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akasema, "Mimi sihukumu mtu kwa siku moja. Nataka historia yote ya jina hili, toka mfumo ulipoanza. Mistari yote. Ichapishwe, iletwe kabla ya Jumatano."

Ilikuwa haki. Hakuna aliyeweza kusema si haki.

Mdogo mtu alikaa mbele ya kompyuta yake Jumatatu mchana, mlango umefungwa. Mistari ilikuwa elfu tisa na ushei. Kwa kuwa ofisi nzima ilitumia jina moja, namba za mistari, zile ambazo mashine hujipa yenyewe na hairudii, zilifuatana moja baada ya nyingine kama wanafunzi gwarideni. Alikuwa anaipitia haraka kuhakikisha herufi zinasomeka, alipoona jina lake mwenyewe.

Mstari namba 1118, miaka tisa nyuma. Kilichokuwepo: anasubiri. Kilichowekwa: amepata. Na juu yake, namba 1117, dakika mbili kabla, jina la msichana asiyemjua. Kilichokuwepo: amepata. Kilichowekwa: anasubiri.

Hakusoma la msichana mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye lake.

Alifikiri labda ni Mkuu. Akatazama saa: kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkuu hajawahi kuiona ofisi saa hizo.

*

"Ulikuwa wa arobaini na moja," dada alisema.

Walikuwa wamesimama uani, kati ya kamba za nguo, kwa sababu mshonaji alikuwa ndani na mlango haukufungika vizuri.

"Arobaini na moja, mdogo wangu. Kama ungekuwa wa mia mbili ningelala usingizi wangu. Nafasi arobaini, wewe wa arobaini na moja. Nilikwenda nyumbani nikakukuta umenyoa nywele, umepiga viatu rangi, unangoja nikuambie. Sikuweza kusema. Kesho yake nikawahi ofisini."

"Kwa hiyo cheti changu…"

"Cheti ni chako. Ulisoma mwenyewe, mitihani ulifanya mwenyewe."

"Kwenye kiti cha mtu."

Dada alianua shati moja, akalikunja, akalikunjua. "Peleka mistari yote. Nitamweleza yule mama mwenyekiti. Nitasema hii moja ni yangu, nilifanya, na hizi nyingine si zangu. Yule ni mtu wa haki. Akinipunguzia cheo, sawa. Akinikata mshahara, sawa. Lakini akiamini ninapokubali, ataamini na ninapokataa."

"Na mimi je?"

Hakukusudia litoke hivyo, lakini lilitoka. Dada alilitupa shati begani.

"Wewe hukujua," akasema. "Utasema hukujua."

Mdogo mtu alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Mkataba wake ulibakiza miezi mitatu kabla ya kuhuishwa, na alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe njiani. Alijiambia pia kwamba anafanya kwa ajili ya dada, kwamba dada ni mkweli kupita kiasi, kwamba kamati hazijui kutofautisha dhambi moja ya huruma na mia za uroho. Sababu zilimjia nyingi. Sababu za woga huwa hazichelewi.

Jumanne asubuhi alifuta mstari wa 1117 na wa 1118. Jedwali lililoandika mabadiliko ya kila kitu halikuandika mabadiliko yake lenyewe; hilo ni jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifikiria, na wa pili alilifahamu akaliacha. Kisha akachapisha kurasa mia moja na tisini, akazitia kwenye bahasha, akazipeleka kwa mkono. Dada alipouliza kama zimekwenda zote, alisema ndiyo.

*

Siku ya kikao dada alivaa lile shati alilolipiga pasi. Mshonaji alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akaambiwa wasiohusika wakae nje.

"Nami nahusika," akasema. "Jicho ni langu."

Mlinzi alicheka, lakini hakumpisha.

Ndani mambo yalianza vizuri. Kadi ya hospitali ilizungushwa mezani. Karani wa dirisha la pili aliulizwa nani alikaa kwenye kiti cha kwanza tarehe kumi na moja. Akajibu kwamba siku ile kazi ilikuwa nyingi, hakuinua macho. Alijibu hivyo akitazama viatu vya Mkuu.

"Mama mwenyekiti," dada akasema, "kabla hatujaendelea, kuna jambo moja nataka nilitangulize mwenyewe. Limo humo kwenye karatasi, na ni langu."

"Ngoja kwanza, mama. Nami nina jambo kwenye karatasi."

Mwenyekiti alifungua mahali alipokunja pembe. Alikuwa amezisoma kurasa zote siku nzima na robo ya siku iliyofuata, kwa rula na kalamu nyekundu, kama alivyosoma rejista za mahudhurio miaka thelathini.

"Namba hizi zinafuatana. Nimeziangalia zote, zinafuatana. Ila hapa. Elfu moja mia moja kumi na sita, halafu elfu moja mia moja kumi na tisa. Watoto wangu wawili wako wapi?"

Dada aligeuka taratibu akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mtaalamu, pembeni ya mashine ya kuonyeshea. Hakuhitaji kumuuliza. Alimlea.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "mashine inaweza kuruka namba yenyewe?"

Angeweza kusema inaweza. Kuna nyakati inaweza. Alifungua mdomo, akaona jasho la mkono wake juu ya meza.

"Mara chache," akasema.

"Na mtu anaweza kufuta mstari, isionekane?"

"Mtu… mwenye ufunguo wa mfumo, ndiyo."

"Mwenye ufunguo ni nani?"

"Mimi."

Ndipo Mkuu wa udahili, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akasafisha koo lake. Alizungumza kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Mama mwenyekiti, sipendi kumsema kijana. Ni kijana mzuri. Lakini kama anaweza kufuta, si anaweza na kuandika? Hiyo saa nne na dakika kumi na mbili, ile ya hospitali, tunajuaje kwamba ni mashine iliyoiandika? Huyu ni dada yake. Wanaishi nyumba moja."

Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu alikuwa mtu wa haki hakuwa na njia ya kutokea. Karatasi iliyokuwa na uwongo mahali pamoja haikuweza kuwa shahidi mahali pengine.

"Kijana, ulifuta?"

Fundi aliinamia mashine, akarekebisha waya wake.

"Mimi ndiye niliyemwambia afute," dada akasema.

Mdogo wake aliinua kichwa. Huo ulikuwa wakati wake. Wakati kama huo haukai mezani mtu aufikirie. Huja, husimama kidogo, huondoka. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu: si kweli, dada. Aliyahisi ulimini. Mwenyekiti alimngoja kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika, akimtazama usoni, akimwomba karibu kwa macho.

"Ni hivyo?" akamuuliza mwishowe.

"Ndiyo," akasema.

*

Dada alifukuzwa kazi bila kiinua mgongo. Mdogo wake alipewa onyo la maandishi, kwa kuwa alishawishiwa na mkubwa wake wa damu, na mkataba ukahuishwa. Binti wa mzee wa foleni na wenzake wawili hawakurudishiwa nafasi, maana orodha ilikuwa imeshafungwa, na waliopewa nafasi zao walikuwa wameshagawiwa vitanda. Ukurasa wa historia uliondolewa. Mahali pake palibandikwa maneno "Unafanyiwa matengenezo", na aliyeamriwa kuyabandika ni yeye aliyeujenga. Makarani wote walifunguliwa majina yao ndani ya siku mbili, yale maombi ya miaka minne. Mkuu alikuwa na jina lake pia. Hakulitumia. Alisema amezeeka, kompyuta zinamuumiza macho, na akaendelea kuomba kupishwa kidogo.

Nyumbani hakuna aliyegomba. Mshonaji alimtafutia mkewe kiti cha pili, akamfundisha kutoboa matundu ya vifungo na kuyatia uzi, naye akawa anayafanya kwa umakini uleule aliokuwa nao dirishani. Salamu ziliendelea. "Umeamkaje, dada?" "Salama, mdogo wangu. Chai ipo." Mdogo mtu angependelea atukanwe.

Mwezi wa pili hakuvumilia. Alibaki ofisini wakati wa chakula cha mchana, akalifungua jedwali ili airudishe ile mistari miwili. Wake aliuandika haraka: jina, anasubiri, amepata. Halafu akarudi kwenye 1117. Tarehe aliijua. Saa aliijua. Kilichokuwepo, kilichowekwa, aliyebadilisha, vyote alivijua. Kisanduku cha jina la mwombaji kilibaki kitupu. Alikaa nacho hadi wenzake wakarudi wakipiga soga. Nakala ya akiba ya mfumo ilikuwa ikijiandika upya kila Ijumaa juu ya ile ya zamani, na Ijumaa zilikuwa zimepita saba. Faili za karatasi za miaka ile zilichomwa mfumo ulipoaminiwa. Kwa alivyojua, duniani palikuwa na mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba msichana yule aliwahi kuipata nafasi, naye alikuwa amepafuta.

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Dada alikuwa mlangoni mwa chumba cha cherehani, shati la mtu magotini, akitafuta mwanga wa mwisho wa alasiri.

"Dada, yule msichana. Jina lake nimelisahau."

"Hukulisahau," dada akasema bila kuinua macho. "Hukulisoma."

Dada alivuta uzi, akaukata kwa meno, akamtajia jina, la msichana na la baba yake na la babu yake, bila kusita mahali. Akamtajia na alama zake, na shule aliyotoka, na kwamba aliomba umeme.

"Alikuja dirishani mara mbili. Mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili na mama yake, wamevaa vizuri, mama amebeba barua ya kwanza tuliyowatumia, ameitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Akaniuliza kwa heshima kabisa, 'Mwanangu, hii barua imekuwaje?'"

"Ukamwambiaje?"

Dada aligeuza shati upande wa pili, akatafuta tundu linalofuata.

"Nilimwambia kompyuta ndiyo iliyobadilisha," akasema. "Akanishukuru."